Kipimo cha damu kisitupumbaze kuhusu saratani ya utando wa mapafu

Majuma machache yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja anayeishi Eastlands, hapa Nairobi. Baba yake, aeleza, alikuwa fundi wa kuezeka nyumba kwa zaidi ya miaka 20. Alikata mabati ya asbestosi kwa msumeno wa mkono, akayatoboa na kuyapigilia misumari, kisha jioni akarejea nyumbani nguo zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Mama yao ndiye aliyezikung'uta na kuzifua. Mzee huyo alifariki akiwa na maji kifuani, na hakuna aliyewahi kuwaambia jamaa zake maji hayo yalitoka wapi. Sasa bintiye amesikia kwamba kuna kipimo cha damu kinachoweza kuonyesha saratani ya utando wa mapafu kabla mtu hajaugua. Auliza: "Je, daktari, tuchange pesa tupimwe mimi, mama na ndugu zangu?"

Jibu langu ni la. Lakini mtu aliyefiwa na babake hawezi kuambiwa la tupu kisha akafungiwa mlango, kwa hivyo nitaomba nafasi yote ya ukurasa huu leo ili nieleze kwa nini. Isitoshe, nina deni langu mwenyewe katika jambo hili, nalo nitalitaja hapo mbele.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba saratani tunayoizungumzia si ile ya mapafu yenyewe inayowapata sana wavuta sigara. Mapafu yamezungukwa na utando mwembamba wenye tabaka mbili. Tabaka moja limeshikamana na pafu na jingine limebandikwa upande wa ndani wa mbavu. Katikati kuna majimaji kidogo sana, kama mafuta katika bawaba ya mlango, ili pafu liteleze kila tunapovuta pumzi. Saratani inayoanzia katika utando huo madaktari huiita mesothelioma. Aghalabu chanzo chake ni nyuzinyuzi za asbestosi, ambazo ni nyembamba mno kuonekana kwa macho. Mtu huzivuta pamoja na hewa, zikapenya hadi kwenye utando na kukaa humo. Mwili hauwezi kuziyeyusha wala kuzitoa zote.

Kisha huja kungoja. Tangu mtu avute vumbi hilo hadi ugonjwa ujitokeze hupita miaka 20, 30, 40, hata 50. Kijana aliyeezeka shule mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 25 leo ni mzee wa miaka 70 na ushei. Anapoanza kukohoa, kuishiwa pumzi akipanda ngazi na kulalamika maumivu ubavuni, nani atakayemwuliza habari za mwaka 1980?

Hapo ndipo deni langu lilipo. Nilipokuwa daktari kijana katika hospitali moja ambayo sitaitaja, aliletwa kwetu mzee mmoja mwembamba, mcheshi, ambaye upande wake wa kulia wa kifua ulikuwa umejaa maji. Nilimtoa zaidi ya lita moja kwa sindano. Maji yalikuwa na rangi ya damu. Makohozi yake hayakuwa na vijidudu vya kifua kikuu, lakini katika wodi yetu maji kifuani yalikuwa na jina moja tu, nalo ni TB. Nikamwandikia dawa. Alizimeza zote bila kukosa hata siku moja. Maji yakarudi. Nikamtoa tena, nikamwanzishia dawa upya, na nikaandika katika faili yake kwamba huenda hakuzimeza sawasawa. Mkewe aliposoma maneno hayo, kwa maana alikuwa mwalimu, aliniangalia tu bila kusema neno. Mzee alifariki kabla dozi ya pili haijaisha. Siku ya mwisho nilimwuliza, kwa mazungumzo tu, alikuwa akifanya kazi gani zamani. Akaniambia alikuwa akifunga na kufungua boila, zile zilizovikwa asbestosi kuzuia joto.

Mpaka leo sijui mzee yule aliuawa na nini. Huenda ilikuwa TB kweli. Sikuchukua kipande cha utando wake kikachunguzwe, kwa hivyo hakuna awezaye kujua.

Nilipokuja kusoma baadaye historia ya ugonjwa huu ndipo nilipogundua kwamba kosa langu lilikuwa limekwisha fanywa na wengine kabla sijazaliwa, na tena ndilo lililozaa ugunduzi mkubwa. Katika miaka ya 1950, huko Kimberley, Afrika Kusini, kulikuwa na hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu iliyosimamiwa na Dakta Sleggs. Aliona jambo la ajabu. Wagonjwa wenye maji kifuani waliotoka sehemu nyingine walipona kwa dawa mpya za TB, lakini wale waliotoka upande wa magharibi, kwenye migodi ya asbestosi ya buluu, walizidi kudhoofika. Mwaka 1956 mtaalamu wa patholojia, Chris Wagner, alipasua maiti ya mfanyakazi mmoja na kukuta utando wa mapafu umegeuka kuwa uvimbe mkubwa. Wagner, Sleggs na daktari wa upasuaji Marchand wakaanza kufuatilia mgonjwa mmoja mmoja, wakiuliza alizaliwa wapi, alicheza wapi utotoni, alifanya kazi gani. Mwaka 1960 walichapisha habari za wagonjwa 33. Wote isipokuwa mmoja walikuwa na uhusiano fulani na asbestosi ya buluu. Wengi wao hawakuwa wachimbaji kamwe. Walikuwa tu watoto waliokulia karibu na migodi.

Angalia, msomaji, kwamba madaktari hao hawakuwa na kipimo chochote cha damu. Walikuwa na maswali, na walikuwa na kipande cha nyama chini ya darubini.

Sasa tuje kwenye hicho kipimo. Seli za utando wa mapafu huwa na protini iitwayo mesothelini, na seli za saratani hii mara nyingi huitengeneza kwa wingi hata nyingine ikadondokea kwenye damu. Mwaka 2003 watafiti wa Australia, nchi iliyoumizwa vibaya na mgodi wa Wittenoom, walitangaza kwamba wagonjwa 37 kati ya 44 wa mesothelioma walikuwa na kiwango cha juu cha protini hiyo. Jambo lililowasisimua watu zaidi ni hili: katika kundi la watu 40 waliowahi kuvuta asbestosi lakini wakawa hawana ugonjwa, 7 walikuwa na kiwango cha juu, na baada ya miaka michache 3 kati ya hao 7 wakapatwa na saratani hiyo. Ilionekana kana kwamba damu imetabiri. Mwaka 2007 Marekani iliruhusu kipimo cha mesothelini kitumike hospitalini.

Lakini kiliruhusiwa kwa kazi gani? Hili ndilo watu husahau. Kiliruhusiwa kwa kufuatilia mgonjwa ambaye tayari anajulikana kuwa na ugonjwa, ili daktari aone kama uvimbe unapungua au unaongezeka. Hakikuruhusiwa kwa kumwambia mtu mzima kwamba anaumwa au haumwi.

Hebu tupige hesabu kidogo, maana hesabu hii ndiyo moyo wa barua ya huyo mama. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha takwimu za tafiti 16, zenye watu zaidi ya 4,000. Ulionyesha kwamba kipimo kikiwekwa kwa namna ya kuwashtua bure wazima 5 tu katika kila 100, basi kitawanasa wagonjwa 32 tu katika kila 100 walio katika hatua za mwanzo za ugonjwa. Tuchukue, kwa mfano tu, watu 10,000 waliowahi kufanya kazi na asbestosi, na tuseme 10 kati yao wana saratani iliyojificha. Kipimo kitawaona 3. Wale 7 wengine watarudi nyumbani wakiwa na karatasi inayosema wako salama, na watakapoanza kukohoa wataambiana, "Hapana, nilikwisha pimwa." Na kati ya wale 9,990 wazima, karibu 500 wataambiwa damu yao si nzuri. Watu 503 watakosa usingizi, watauza ng'ombe, watapigwa picha za kifua na kuchomwa sindano ubavuni, na kati yao ni 3 tu waliokuwa na kitu.

Isitoshe, mesothelini hupanda kwa sababu nyingine. Figo zikiwa dhaifu, protini hiyo hujikusanya katika damu. Katika nchi hii ambayo shinikizo la damu na kisukari vimeharibu figo za wazee wengi, je, tutawaambia wote hao kwamba wana saratani ya utando? Saratani za ovari na kongosho nazo huweza kuipandisha. Na kwa upande mwingine, kuna aina ya mesothelioma iliyo kali kupita zote, ambayo seli zake ni ndefu kama nyuzi. Hiyo kwa kawaida haitoi mesothelini. Kwa hivyo kipimo hunyamaza mahali pale pale ambapo tungetaka kipige kelele.

Wako watakaosema kwamba sayansi haijalala, na kwamba viashiria vingine vinakuja. Ni kweli, na mimi si adui wa utafiti. Hata hivyo, kisa cha fibulini-3 kinafaa kutufundisha subira. Mwaka 2012 jarida moja linaloheshimika sana la Marekani lilichapisha kwamba protini hiyo iliweza kuwatenganisha wenye mesothelioma na waliovuta asbestosi bila kuugua, kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 95 pande zote mbili. Magazeti ya ulimwengu yalishangilia. Ila hata katika makala yale yale, walipopima sampuli za wagonjwa wengine bila kujua ni za nani, usahihi ulishuka. Mwaka 2014 watafiti wa Australia wakajaribu kwa wagonjwa wao, wakaona fibulini-3 ni hafifu hata kuliko mesothelini ile ya zamani. Mwaka uliofuata wengine wakapata matokeo ya kuvunja moyo vile vile. Kabla ya hapo osteopontini, iliyovuma mwaka 2005, nayo ilikwisha onekana kwamba hupanda kwa maradhi mengi na hivyo haielekezi kidole popote.

Sisemi watafiti hao walidanganya. Kipimo kipya karibu kila mara hupendeza kwa wagonjwa wa kwanza, waliochaguliwa, kisha huaibika kinapokutana na watu wa kawaida wenye figo mbovu, maji ya TB, mioyo iliyochoka na miaka 70 mgongoni. Ndiyo sababu daktari mwenye busara hakinunui kipimo kwa habari ya mwaka wa kwanza. Wauzaji wa vifaa vya maabara, nao, hawana sababu ya kungoja.

Pamoja na hayo kuna upande ambao viashiria vimeleta faida kubwa kabisa, nao hausemwi sana kwa kuwa hauuziki kwa mtu mzima mwenye hofu. Ni viashiria vinavyotafutwa ndani ya kipande cha nyama chenyewe. Zamani, hata mtaalamu hodari akitazama kipande cha utando kwa darubini, aliweza kuchanganyikiwa: je, hii ni mesothelioma, au ni saratani ya pafu iliyoenea hadi kwenye utando, au ni uvimbe tu wa kawaida baada ya TB? Siku hizi hupaka kipande hicho dawa za rangi zinazotafuta protini maalumu. Kalretinini na WT1 zikionekana, mwelekeo ni mesothelioma. TTF-1 au klaudini-4 zikionekana, mwelekeo ni saratani iliyotoka kwingine, hasa pafuni. Hutumiwa kadhaa kwa pamoja, maana hakuna moja inayojitosheleza.

Kisha kuna BAP1. Hii ni protini inayolinda seli zisiharibike, na katika mesothelioma nyingi hutoweka. Seli za utando zilizovimba kwa TB au kwa homa ya mapafu huendelea kuwa nayo. Kwa hivyo ikiwa seli za utando zimepoteza BAP1, au mwenzake aitwaye MTAP, mtaalamu anaweza kusema kwa ujasiri mkubwa kwamba hii ni saratani, si makovu. Ikiwa BAP1 bado ipo haimaanishi kwamba mtu amenusurika, maana wagonjwa wengi tu wanayo. Lakini jibu la ndiyo linapopatikana, ni ndiyo ya kutegemewa. Mesothelini ya damuni haijawahi kutupa hilo.

Habari ya BAP1 ina mkia mrefu wenye kuvutia. Huko Kapadokia nchini Uturuki kulikuwa na vijiji, Karain kimoja wapo, ambako mesothelioma iliua watu kwa wingi usiosikika kwingine duniani. Chanzo kilikuwa erionaiti, madini yenye nyuzi yaliyomo katika mawe waliyojengea nyumba. Lakini watafiti waliona kwamba familia fulani ziliteketea na nyingine za jirani zikabaki, wakashuku kwamba kuna urithi ndani yake. Shaka hiyo iliwafanya watafute familia za namna hiyo Marekani, na mwaka 2011 ikajulikana kwamba baadhi ya watu huzaliwa na jeni ya BAP1 yenye hitilafu. Hao ni wachache sana. Binti wa yule fundi hana haja ya kukesha akifikiria jambo hilo, isipokuwa kama katika ukoo wao kuna wengi waliopatwa na mesothelioma, saratani ya jicho au ya figo.

Basi hapa Kenya tufanye nini? Maoni yangu, na najua wako wenzangu watakaoyapinga, ni kwamba shilingi yoyote itakayotengwa kwa ugonjwa huu isiende kwenye damu. Iende kwenye kipande cha nyama.

Mgonjwa mwenye maji kifuani akifika hospitali ya kaunti leo, tunaanza kwa kufikiria TB, na ni sawa, kwa kuwa TB ingali ndiyo jambo la kawaida kwetu. Tunaweza kupima maji hayo kiwango cha ADA. Kikiwa juu, TB yaelekea kuwa ndiyo. Lakini ADA nayo ni kiashiria kama vile vingine, chaweza kupanda kwa usaha, kwa saratani ya tezi, na mara nyingine kwa mesothelioma yenyewe. Mashine ya GeneXpert, iliyotusaidia mno kwenye makohozi, huikosa TB nyingi iliyo kwenye maji ya kifua. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa huanzishiwa dawa kwa kukisia. Mimi sipingi kukisia. Ninachopinga ni kukisia mara ya pili.

Maji yakirudi baada ya dawa, au kama tangu mwanzo yana damu na mtu anakonda, au kama picha inaonyesha utando mnene, inapasa kipande cha utando kichukuliwe. Kupima seli zilizomo ndani ya maji peke yake mara nyingi hakutoshi kwa ugonjwa huu. Kipande chaweza kuchukuliwa kwa sindano maalumu huku daktari akiangalia kwa mashine ya altrasaundi au ya CT. Na palipo na mtaalamu, huingizwa kamera ndogo kati ya mbavu, utando ukaonekana wazi na kukatwa pale penye ugonjwa hasa. Njia hiyo ya kamera hutoa jibu kwa zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10. Hebu linganisha na wale 3 katika 10 wa damu.

Tatizo ni kwamba kipande kikishakatwa hukabidhiwa jamaa ya mgonjwa katika kichupa, akaambiwa atafute maabara. Nimeona kijana amesafiri usiku kucha kwa basi akiwa amepakata kichupa chenye utando wa babake, huku dawa ya kuhifadhia ikivuja kwenye suruali. Hilo ndilo linalohitaji kurekebishwa kabla hatujazungumza juu ya mashine mpya: njia ya uhakika ya kusafirisha vipande hadi kwa wataalamu wa patholojia, ambao ni wachache na wengi wao wako Nairobi, dawa za rangi zisizoisha kabatini, na malipo yasiyomwangukia mgonjwa. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF iliondoka, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Ningependa kuona upakaji wa BAP1 na kalretinini ukilipiwa kama unavyolipiwa upigaji wa eksirei, bila barua tatu za kuomba.

Mtu aweza kuuliza, na ni swali la haki: kama ugonjwa wenyewe hauponi, jina lake litasaidia nini? Kwanza si kweli kwamba hakuna tiba yoyote. Mwaka 2003 ilionekana kwamba kuongeza dawa ya pemetrexed kwa cisplatin kulirefusha maisha ya wagonjwa kutoka wastani wa miezi 9 hivi hadi 12. Tangu 2020 dawa mbili za kuamsha kinga ya mwili zikitumiwa pamoja zimefikisha wastani wa miezi 18, ingawa bei yake ni ya kutisha. Pili, kuna njia za kuzuia maji yasirudi ili mtu alale bila kukabwa roho. Tatu, mtu asiye na TB haachwi ameze dawa za TB zinazochosha ini lake.

Na nne, ambalo wengi hawalifikirii, ni haki. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inatambua maradhi yatokanayo na kazi. Lakini mjane hawezi kudai chochote akiwa ameshika karatasi isemayo "maji kifuani". Hata Sajili ya Saratani ya Nairobi, iliyoko KEMRI, haiwezi kuhesabu ugonjwa ambao hakuna aliyeuandika. Tukishapata hesabu ndogo, wakubwa husema ugonjwa haupo, na kwa kuwa haupo hakuna haja ya dawa za rangi, na kwa kuwa hakuna dawa za rangi hesabu hubaki ndogo.

Tena swali lenyewe la kazi, lile nililochelewa kumwuliza yule mzee, halina gharama. Umefanya kazi wapi tangu ujana? Nani aliyekuwa akifua nguo za kazi? Nyumba mliyokulia iliezekwa kwa nini? Ningetaka maswali hayo matatu yachapishwe kwenye kadi ya kila kliniki ya kifua, juu kabisa, kabla ya swali la sigara.

Kuna sababu ya haraka yangu. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliiweka asbestosi kati ya taka hatari, na hapo ndipo matumizi yake nchini yalipopigwa marufuku. Ukiongeza miaka 40 au 50 ya kungoja juu ya mwaka huo utaona kwamba wagonjwa wanaweza kuendelea kujitokeza hadi katikati ya karne hii, hata kama hakuna bati hata moja lililoezekwa tangu wakati huo. Nayo mapaa ya zamani bado yapo juu ya shule na nyumba nyingi. Paa zima lililotulia si hatari kubwa. Hatari ni siku linapovunjwa kwa nyundo na vijana waliolipwa kwa siku, bila kitambaa puani, halafu vipande vikagawiwa majirani waezekee mabanda ya kuku. Sisi tulipokuwa watoto tulivitumia vipande hivyo kama chaki kuchorea viwanja vya michezo yetu kwenye saruji. Mistari yake ilikuwa meupe mizuri, haifutiki upesi.

Sasa nimrudie mama wa Eastlands. Msichange pesa za kipimo cha damu, dada yangu. Kwa sasa, kama mama yenu hana dalili yoyote, hakuna kipimo ambacho ningemshauri alipie. Lakini akianza kuishiwa pumzi, kuumwa ubavu au kukonda, mpelekeni hospitali mapema, na neno la kwanza mtakalomwambia daktari liwe kwamba alifua nguo za fundi wa asbestosi kwa miaka 20. Mwambieni aliandike. Kama kuna maji, ombeni kipande cha utando kichunguzwe iwapo maji yatarudi, na msione haya kusema mmesoma gazetini. Wewe na ndugu zako ambao mlikulia katika vumbi lile fanyeni vivyo hivyo, na anayevuta sigara aache, kwa kuwa sigara na asbestosi zikikutana huzidisha sana hatari ya ile saratani nyingine, ya pafu lenyewe.

Uliniambia pia kwamba hospitali ilimtoa baba yenu maji mara mbili. Ulizeni kama kuna kipande chochote kilichowahi kuchukuliwa. Maabara nyingi huhifadhi vipande ndani ya nta kwa miaka mingi, na hata leo chaweza kupakwa rangi na kusomwa upya.

Na yale mabati sita yaliyobaki, uliyosema yameegemezwa nyuma ya jikoni, msiyavunje wala kuyachoma. Yamwagieni maji polepole, myafunike kwa plastiki nzito, watoto wasicheze hapo, kisha mwulize afisi ya NEMA ya Nairobi ni nani aliye na leseni ya kuyaondoa.